Shamba la Kondoo

Marando ya viazi vitamu yakianikwa tangu asubuhi, ikifika alasiri yananyauka na kutoa harufu ambayo sijaikuta kwa mmea mwingine: tamu kidogo, udongo kidogo, na kama kitu kilichoanza kuchacha. Jirani yangu hapa mjini Bariadi anafuga kondoo wawili nyuma ya nyumba, na juzi aliyaanika juu ya ukuta unaotutenganisha. Harufu ilinikuta nafua. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikakaa kwenye ngazi ya mlango, mwanamke mzima mwenye shughuli zake, nikimkumbuka Bibi mpaka povu la sabuni likaisha lote.

Mliokulia huku kwetu miaka ile mtakubali nikisema kwamba hatukuzaliwa kwa watu wanaolimia wanyama. Mtu alilima mtama, mahindi, mpunga kwenye majaruba, na pamba ya kumtoa aibu. Mnyama alijitafutia. Kikubwa alichofanyiwa ni ngitili, yaani kipande cha nyasi kilichofungwa masika nzima, asikanyage mtu wala ng'ombe, kikafunguliwa kiangazi wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Kwetu Mwamapalala kila mji wenye heshima ulikuwa na ngitili yake. Kuivunja ngitili ya mtu ilikuwa kosa la kuitiwa wazee.

Niliishi na Babu na Bibi waliomzaa mama yangu. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kuhusu baba hakuna aliyewahi kuniambia lolote, nami sikuuliza, kwa kuwa sikujua kama kuna la kuuliza. Babu aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na Bibi aliniita mke mwenzangu na kunitishia kuninyima mboga kwa sababu ya wivu. Kwa akili yangu familia ilikuwa imetimia, na kama palikuwa na pengo mimi sikuliona.

Zilikuwa siku za ruksa. Pamba ambayo tangu zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilifuatwa na watu binafsi waliokuja na malori na mizani yao. Nyuma yao wakaja wanunuzi wa ngozi, wa choroko, wa kuku, na wauza mitumba waliomwaga makoti ya baridi kali kwenye jua letu. Kila mgeni aliyeingia kijijini alikuwa mnunuzi wa kitu fulani. Lakini ruksa ilikuwa na upande wake wa pili. Dawa ya josho, ambayo serikali ilikuwa ikiitoa, sasa kila mtu ajinunulie. Wengi hawakununua, josho likakauka, watoto tukalifanya mahali pa kuchezea, na ng'ombe wakaanza kufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Katika zizi la Babu ndigana ilibakiza maksai wawili wa kukokota plau. Kondoo wa Bibi walipona, maana ndigana haiwasumbui kondoo kama inavyowasumbua ng'ombe.

Mtu mmoja wa kijiji cha Kasoli alikuja kiangazi, pamba ikiwa imeshachumwa. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mitumba lililombana mabegani, na baiskeli yake ilikuwa na kengele ya kung'aa. "Mwadila," akasalimia. Babu akaitikia, "Mwadila mhola," lakini hakunyanyuka kwenye kigoda, nami nililiona hilo kwa sababu Babu alikuwa mtu wa kunyanyuka. Mgeni akaniita, akanipa pipi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto asiyemjua.

"Unajua kuchuma pamba?"

"Najua," nikasema kwa majivuno.

"Na kubeba mtoto je?"

Nikasema hata mapacha nawaweza. Akacheka. Nikatumwa maji wakati ndoo ilikuwa bado imejaa nusu, na hilo nalo nililiona. Niliporudi, wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekaa na Babu, na mgeni amesimama ameegemea uzio wa zizi, akiongea huku macho yake yakiwa kwa kondoo. Kisha akapanda baiskeli akaondoka. Bibi akaingia zizini akawa anawapapasa kondoo mmoja mmoja mgongoni, akitafuta nyama kati ya mfupa na mfupa. Walikuwa wamekonda. Nikaunganisha mambo yote, kama mtoto mwenye akili anavyounganisha, nikapata jibu langu: mtu wa Kasoli ni mnunuzi wa kondoo, anataka kuwachukua kondoo wetu, na Bibi hataki.

Mtu yule alikuwa baba yangu. Mimi nilikuja kulijua hilo baadaye sana, lakini nawaambia sasa ili msizunguke kama nilivyozunguka. Alimposa mama yangu, akaleta mtamba mmoja wa kuanzia mahari, akamchukua, kisha akasita kumaliza mahari iliyobaki. Mama akarudi kwao akiwa na mimi tumboni. Mtamba yule alibaki zizini kwa Babu, na ndigana ilipopita ilimchukua pamoja na wengine. Sasa mtu wa Kasoli alikuwa ameoa, mke wake anazaa, mashamba ya pamba yameongezeka, na amekumbuka kwamba mahali fulani ana binti anayefikia umri wa kazi, ambaye baada ya miaka michache ataposwa kwa ng'ombe. Hoja yake ilikuwa fupi: mtamba wangu mlimpokea, kwa hiyo mtoto ni wangu. Wazee wakaamua kama desturi ilivyotaka. Mtamba hurudishwa kwa mtamba. Akirudishwa kabla ya mvua za mwaka unaofuata, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Asiporudishwa, mtoto aende Kasoli.

Babu na Bibi walitaka kitu kimoja, lakini kila mmoja aliamini njia yake, na nyumba nzima ikapata moto. Babu alisema pamba itamleta mtamba. Akawafunga maksai plau mvua zilipokaribia, akailima ngitili, yote, mpaka kwenye mpaka wa jirani. Nilisimama nikiangalia udongo mweusi unavyofunika mizizi ya nyasi ambazo sikuwahi kuona mtu akizigusa. Jioni Bibi hakumpakulia. Alimwekea sufuria mbele yake, ajipakulie mwenyewe.

"Mahame nayo nitayalima kesho," Babu akasema. Mahame ni pale lilipokuwa zizi la zamani, kipande kidogo chenye samadi ya miaka mingi, ambapo hata ukitupa jiwe unatarajia liote.

"Mahame niachie mimi."

"Upande nini?"

"Chakula cha kondoo."

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Watu wanapanda dhahabu nyeupe, wewe unapanda majani. Tangu lini kondoo akalimiwa?"

"Tangu ulipoilima ngitili yao," Bibi akasema.

Babu akaacha kucheka. Akanigeukia akaniambia, "Mke wangu, mwenzako huyu ana maneno," na mahame yakawa ya Bibi.

Bibi alikwenda Nassa kwa dada yake, ambako ziwa linawapa watu udongo wenye unyevu hata kiangazi, akarudi na mzigo wa marando kichwani na mbegu za fiwi, maharage yanayotambaa, kwenye fundo la kitenge. Mtama tulioupanda kwenye mahame ulipofika magotini tukapanda fiwi kwenye mistari yake ili zipate pa kupanda, na marando tukayachomeka kwenye matuta chini, upande wa maji ya kuogea yanakopita. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kutushangaa. Mmoja aliuliza kama Bibi anatarajia kondoo waje kupalilia wenyewe. Mwingine akasema siku hizi ni ruksa kila kitu, hata kondoo kuwa na shamba. Bibi akawajibu, "Akiba haiozi," akaendelea na jembe lake. Walipofika mbali ndipo akasonya.

Mimi nilifanya kazi ile kwa moyo wote, maana niliamini ninawapigania kondoo. Nilijiambia kwamba mtu wa Kasoli anawataka kwa bei ya kondoo waliokonda, na kwamba wakinenepa atashindwa kuwanunua. Kwa hiyo kila jani lilikuwa la kumkomoa. Tulikata fiwi kabla hazijakomaa, tukaziacha chini zinyauke, kisha tukazipandisha kwenye kichanja ambacho Babu alikijenga akilalamika kwamba yeye ni mkulima wa pamba, si fundi wa kondoo. Ilikuwa lazima zigeuzwe kila siku ili zisiote ukungu katikati. Majani yakikauka vizuri yanakuwa ya kijani kilichofifia, yakikaushwa vibaya yanakuwa meusi, na kondoo anaijua tofauti kabla hujamwekea. Bibi alikuwa na katazo moja: fiwi mbichi zenye umande asipewe kondoo yeyote, hata akililia vipi.

"Atajaa tumbo kama ngoma," alisema. "Halafu ngoma itapasuka, ng'wana wane, na wewe hutacheza."

Pamba ya Babu iliota vizuri. Wadudu walipoanza, ushirika haukuwa na dawa, lakini alipita mwuzaji na pikipiki akiwa na madumu, na Babu akanunua. Alipiga ile dawa asubuhi mbili tatu, amejifunga kitambaa puani. Wadudu wakaendelea kula kana kwamba wamemwagiwa maziwa, na huenda kweli yalikuwa maziwa, maana rangi ilikuwa ile ile. Vitumba vikatobolewa, vikaanguka. Tulipochuma, pamba ya ngitili nzima ilitosha kulipia mbegu na gunia la mahindi. Babu alikunja magunia matupu akayaweka darini. Kwa siku nyingi hakuniita mke wangu, aliniita kwa jina tu, na mimi nikadhani nimemkosea.

Kwa hiyo walibaki kondoo. Kiangazi kilipokaza, kondoo wa watu wengine walitembea mbali kutafuta mabua na kurudi na vumbi mdomoni. Wa kwetu walikaa zizini wanakula kutoka kichanjani, wakanona mpaka mikia yao ikawa inayumba wakitembea. Majike walizaa. Wale wanawake wa kisimani sasa walisimama na kuuliza mbegu inapatikana wapi.

Mtu wa Kasoli akarudi asubuhi moja, mapema, fiwi za mkupuo wa pili zikiwa bado za kijani kwenye mabua ya mtama na umande haujakauka. Niliisikia kengele ya baiskeli kutoka mbali. Bibi alikuwa kisimani, Babu alikuwa kwa jirani. Mimi nilikuwa peke yangu na kondoo walionona, na mnunuzi anakuja. Nikafungua zizi, nikawaswaga wote mpaka kwenye mahame, nikawaingiza katikati ya fiwi ambazo zilikuwa zimepanda mtama mpaka juu. Wakapotea humo kabisa. Nikarudi uani, nikampa mgeni kigoda na maji ya kunywa, nikamwambia hakuna mtu. Akatazama zizi tupu. Akasema, "Waambie mvua zinakaribia," na akaondoka. Nilifurahi vibaya sana.

Bibi aliporudi, mtungi ulikuwa bado kichwani alipouona mlango wa zizi. Hakuuliza. Alikimbia kuelekea mahame, maji yakimwagika mabegani, na mimi nyuma yake nikijaribu kumweleza werevu wangu. Kondoo walikuwa wamekula mpaka basi. Baadhi walikuwa bado wanatafuna, lakini wengine wamesimama wametanua miguu, ubavu wa kushoto umeinuka juu ya uti wa mgongo. Jike kubwa, mama wa wengi wao, alikuwa amelala akipumua kwa mdomo. Bibi alipiga yowe lile la mara moja ambalo mtu hulipiga nyumba ikiungua.

Babu ndiye aliyefika wa kwanza. Mtu huyu aliyekuwa akisema yeye si fundi wa kondoo alikuja mbio na chupa ya mafuta ya pamba, akampanua mdomo kondoo mmoja baada ya mwingine akawanywesha, akawatia vijiti mdomoni kama lijamu ili watafune na kutoa upepo. Mimi na Bibi tukawasimamisha na kuwatembeza, tukiwasugua ubavuni kwa ngumi. Jua lilipanda tukiwa bado tunazunguka. Mmoja mmoja wakaanza kubeua, na sikuwahi kusikia sauti mbaya inayopendeza namna ile. Jike kubwa hakubeua. Alikufa kichwa kikiwa mapajani kwa Babu, na Babu akabaki amekaa hivyo hivyo, mikono imejaa mafuta.

"Kwa nini uliwaleta huku?" akaniuliza.

"Ili mnunuzi asiwaone."

Wakatazamana yeye na Bibi. Nilisubiri kupigwa. Bibi alifunika macho kwa kitenge, mabega yakamtikisika, nikashindwa kujua kama analia au anacheka. Hakuna aliyenipiga, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mzee Luhende, jirani mwenye ng'ombe wengi, alikuwa ameshakubaliana na Bibi kubadilishana. Kila siku ndigana ilikuwa inamtolea ng'ombe zizini, akaona ni afadhali awe na wanyama wasiolilia josho. Angetoa mtamba mzuri mwekundu, achukue kondoo wote. Lakini aliwahesabu akamkosa jike kubwa, ambaye ndiye aliyemtamanisha tangu mwanzo, akaanza kurudi nyuma.

"Kondoo ni wazuri, mayu," alimwambia Bibi, "lakini tulisema pamoja na yule mama yao."

Bibi akashika mti wa uzio. Babu, ambaye mwaka mzima aliliita jambo hili upuuzi wa majani, akasema kwamba mvua zikinyesha maksai wake watalima kwanza shamba la Luhende, lote, ndipo walime la kwetu. Anayelima mwisho kwenye udongo wetu anavuna mwisho, na pengine havuni. Kila mtu pale alilijua hilo. Mzee Luhende akamwangalia Babu, akanyoosha mkono.

Walipokuja vijana wake kuwachukua kondoo, nilimng'ang'ania shingoni mtoto wa yule jike kubwa, nikasema haendi. Nilimwambia Bibi kwamba amenidanganya, kwamba nimelima, nimegeuza majani kila siku, nimewaficha, halafu anawatoa kwa hiari yake. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akaniondoa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Kondoo wanaenda ili wewe usiende," akasema.

Akanieleza pale pale, zizini, kwa maneno machache: mtu wa Kasoli ni nani, alileta nini, na amekuja kutaka nini. Nilisikiliza nikiangalia mavi ya kondoo chini. Nilichokumbuka kwanza ni pipi.

Alikuja kumchukua mtamba siku mbili kabla ya mvua kuanza, wazee wale wale wakiwepo. Safari hii nilijua ninayemtazama, nikamtazama kwa makini. Masikio yake yalikuwa yangu. Alimzunguka mtamba, akamfungua mdomo akaangalia meno, akampapasa nyonga, akainua kwato moja baada ya nyingine. Alichukua muda wake. Nilikuwa nimesimama karibu na Bibi, nimeshika kitenge chake, na kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kubaki pale. Hilo ni kweli. Lakini kadiri alivyoendelea kumkagua yule mtamba, nilijikuta nataka aone kasoro. Nilitaka aseme miguu mibaya, au rangi haifai, au aseme tu kwamba hapana, hatoshi. Sikutaka kwenda naye. Nilitaka akatae.

Akasema mtamba ni mzuri. Wazee wakaitikia. Akamfunga kamba, akaniangalia mara moja, akasema, "Umekua," nami nikamwambia shikamoo kwa kuwa sikujua kingine cha kumwambia. Akaitikia marahaba. Akamsukuma mtamba mbele, yeye akifuata na baiskeli mkononi, wakashuka kwenye njia ya kisimani.

Machozi yalinitoka bila sauti. Bibi akainama akaniangalia usoni.

"Unalia nini, mke mwenzangu? Si umebaki?"

Nikamwambia nawalilia kondoo. Bibi akanifuta uso kwa pindo la kitenge, akasema kweli, walikuwa kondoo wazuri.